Pafu Linalochongwa Ndani ya Yai

Msomaji mmoja wa Mkuranga, mkoani Pwani, anayefuga kuku wa kienyeji na kutotolesha kwa mashine ndogo, ameniletea swali. Siku ya 20 aliinua yai moja, akaliweka sikioni, akamsikia kifaranga akilia ndani. Akaligeuza huku na huku akitafuta ufa, asione hata ulio mwembamba kama uzi. Anauliza: ikiwa sauti haitoki bila pumzi, kifaranga huyu anavuta hewa gani, na ameipata wapi ilhali ganda ni zima? Chini ya barua ameongeza jambo linalomuuma zaidi. Kila anapototolesha, wapo vifaranga wanaofia ndani wakiwa wamekamilika manyoya na kucha, na jirani yake anamshauri awe anavunja ganda mapema ili awaokoe.

Maswali hayo mawili ni swali moja, na limenifurahisha kiasi cha kuweka kando makala niliyokuwa nimeianza. Jibu la haraka ni hili: kifaranga yule alikwisha kutoboa utando wa ndani kwa mdomo wake, akaingiza pua katika chumba cha hewa, ile nafasi tupu iliyo upande butu wa yai. Alikuwa anapumua kwa mapafu yake mwenyewe ndani ya yai lililofungwa. Lakini jibu hilo halinitoshi, na nadhani halimtoshi msomaji wangu. Kwa nini ahangaike kupumua humo, katika hewa haba iliyokwisha kutumika, ilhali hewa safi iko ng'ambo ya ganda lisilofika unene wa nusu milimita? Mtoto wa binadamu husubiri azaliwe, hupiga ukelele mmoja, na mapafu yakafunguka. Kifaranga hawezi kufanya hivyo. Sababu imo katika namna pafu la ndege linavyojengwa, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Nianze na moyo, kwa kuwa ndio unaotangulia. Yai likishaatamiwa, moyo huanza kupiga kabla siku ya pili haijaisha, wakati mwili mzima wa kiinitete ni milimita chache tu. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alieleza mayai ya kuku yaliyofunguliwa siku baada ya siku, na siku ya tatu ikaonekana nukta ya damu ikirukaruka katika ute. William Harvey wa Uingereza, aliyechapisha kitabu chake kuhusu mzunguko wa damu mwaka 1628, aliikodolea macho nukta hiyohiyo. Marcello Malpighi wa Italia akaitazama kwa hadubini na kuichora katika miaka ya 1670.

Jinsi bomba moja linavyojikunja hata likawa moyo wenye vyumba vinne, nitairuka. Mchoro mmoja unaieleza kuliko kurasa tatu za maneno. Ninayotaka yashikwe ni mawili. Kwanza, moyo huanza ukiwa nusu mbili, moja kila upande wa mwili, nazo husogeleana zikaungana katikati. Watafiti wakizizuia zisikutane, kila nusu huendelea kukua na kupiga peke yake, kiinitete kikawa na mioyo miwili. Pili, moyo huanza kazi kabla haujahitajika. Siku hizo za mwanzo kiinitete ni chembamba mno hata oksijeni hupenya yenyewe mpaka ndani ya seli bila kubebwa na damu. Warren Burggren, mwanafiziolojia wa Marekani, amelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi na kulionyesha waziwazi katika mayai ya kuku. Basi moyo unapigia nini? Msukumo wa damu huisugua mishipa michanga kwa ndani, nayo hupanuka na kujipanga kwa kufuata msuguo huo. Moyo unajenga barabara kabla mzigo haujafika.

Mzigo hufika upesi. Kwenye siku ya tatu, nyuma ya utumbo wa kiinitete huchomoza kifuko kidogo cha kuwekea taka za mkojo. Kifuko hicho hukua kwa kasi, kikaugusa utando wa nje, vikaungana, na kufikia siku ya 12 hivi kimetanda upande wote wa ndani wa ganda kikiwa kimejaa mishipa midogo ya damu iliyobanana. Tangu hapo hadi karibu na kutotolewa, kifaranga hupumua kwa kitu hicho. Damu husukumwa na moyo mpaka chini ya ganda, huacha kabonidioksaidi, huchukua oksijeni na kurudi.

Wataalamu hukiita utando wa korioalantoi, na jina hilo limenisumbua tangu nilipoanza kuandika makala hii. Ni refu, na halimwambii msomaji kazi ya kitu chenyewe. “Utando” peke yake hautoshi, maana ndani ya yai mna tando kadhaa na kila moja ina shughuli yake. “Kondo” lingefaa kwa kazi, ila kondo hushikamana na mama, na hapa mama yuko nje amelala juu ya mayai, au hayupo kabisa. Nimejaribu “utando-pumzi”, nikauona unapwaya. Nitakiita pafu-ganda. Ni pafu, kwa kuwa damu hubadilishana gesi hapo, na makazi yake ni ganda. Mwenye jina bora aniandikie, nitalipokea kwa mikono miwili.

Ganda lenyewe lina vitundu vipatavyo 10,000. Ukitaka kuvishuhudia, tumbukiza yai katika maji ya moto, utaona vipovu vikichomoza kutoka kwenye ganda, vingi zaidi upande butu. Hermann Rahn, aliyefanya kazi Buffalo, Marekani, pamoja na wenzake Amos Ar na Charles Paganelli, waliandika mwaka 1979 hesabu ya yai linavyopumua, na kila nikiisoma hunishangaza upya. Yai la gramu 60 kwa siku 21 huingiza lita 6 za oksijeni, hutoa lita 4.5 za kabonidioksaidi na lita 11 za mvuke wa maji. Lita sita za oksijeni zinaingia katika kitu kinachoenea kiganjani, na hakuna kifua kinachopanda wala kushuka. Gesi hutoka palipo nyingi ikaenda palipo chache, basi.

Mvuke huo wa lita 11 ni takriban gramu 9 za maji. Maji yakiondoka, nafasi yake hushikwa na hewa, na ndiyo maana chumba cha hewa hupanuka siku hadi siku. Ukilimulika yai kwa tochi gizani utaona mpaka wake ukishuka. Kupungua huko kwa maji kuna kazi kubwa mbele, tutakuja kukutana nako.

Sasa tatizo. Vitundu haviongezeki. Idadi yake iliwekwa siku yai lilipotagwa, ilhali kifaranga anakua. Kufikia siku ya 17 au 18 oksijeni inayopenya imefika ukomo. Hata akitaka zaidi, haipo. Katika chumba cha hewa oksijeni imeshuka kutoka asilimia 21 ya hewa ya kawaida hadi kama 14, na kabonidioksaidi imepanda kupita asilimia 5. Ukitazama haraka utasema anakaribia kukosa hewa. Lakini Rahn aliona kwamba viwango hivyo vinakaribiana sana na vilivyomo ndani ya mapafu ya kuku mzima. Hewa ile niliyoiita haba ndiyo ambayo damu yake itaishi nayo maisha yote, naye anaizoea akiwa bado amejikunja. Hata hivyo hawezi kukaa hapo. Ni lazima ahame kutoka pafu-ganda kwenda kwenye mapafu yake.

Na mapafu hayo hayakujengwa kama yetu. Katika vitabu vyetu vya shule, njia za hewa za binadamu huishia kwenye vijifuko vilivyozibwa mwisho, vinavyotanuka na kusinyaa kila tunapovuta na kutoa pumzi. Ndege hana hivyo. Ana mirija mingi iliyolala sambamba, iitwayo parabronki, na kila mrija uko wazi ncha zote mbili. Hewa hupita humo ikielekea upande mmoja tu, anapovuta na anapotoa. Kazi ya kusukuma hufanywa na vifuko vikubwa vya hewa, kwa kawaida tisa, vilivyotapakaa kifuani na tumboni hadi kwenye baadhi ya mifupa. Pafu lenyewe limebanwa kwenye mbavu na karibu halitikisiki. Kutoka ukuta wa kila mrija huchepuka njia nyembamba mno, kapilari hewa, zenye upana wa mikromita 3 hadi 10, zilizosukana na kapilari za damu. Mpangilio huo ndio uliomwezesha tai mzoga wa Rüppell, ambaye makundi yake yako Kenya na Tanzania, kufika kimo cha takriban mita 11,300 alipogongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973.

Lakini wembamba huo una gharama. Njia yoyote ndogo iliyolowa hutaka kujifunga, kwa sababu uso wa maji hujivuta pamoja, na kadiri njia inavyokuwa nyembamba ndivyo shinikizo la kuifungua linavyozidi: upana ukipungua nusu, shinikizo huwa maradufu. Kanuni hiyo ni ya Mfaransa Pierre-Simon Laplace. Kijifuko cha pafu la mtu mzima kina upana wa kama mikromita 200. Kapilari hewa ya ndege ni nyembamba kuliko hicho kwa mara 20, hata mara 60. Kama pafu la kifaranga lingeumbwa likiwa limejikunja, likangojea pumzi ya kwanza ilifungue, hakuna kifua cha kifaranga ambacho kingepata nguvu hiyo. Hans-Rainer Duncker, mwanaanatomia wa Ujerumani, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1970: pafu la ndege haliwezi kuanza likiwa limefungwa. Sharti liwe wazi tangu kuumbwa kwake.

Kwa hiyo huchongwa.

Anayeishi pwani amemwona fundi wa mtumbwi akianza na gogo la mwembe. Gogo ni zima, halina uwazi wowote. Huchonga kwanza umbo la nje, kisha hufungua mfereji katikati, wa juujuu tu, kutoka omo hadi tezi. Wakiwa wawili, mtu na mwanawe, mmoja huanzia omo na mwingine tezi, na sharti mifereji yao ikutane bila kupishana hata upana wa kidole. Ndivyo inavyokuwa ndani ya kifaranga. Siku ya tatu au ya nne machipukizi mawili ya mapafu huchomoza kutoka utumbo wa mbele. Kwa siku kadhaa hakuna la ajabu, matawi machache tu. Kisha, wiki ya pili, kundi moja la mirija huanza kuchipua kutoka upande wa mgongo na kundi jingine kutoka upande wa tumbo, yakielekeana ndani ya nyama laini ya pafu changa. Ncha hukutana na ncha, ukuta uliozitenganisha hutoweka, na mirija miwili huwa mmoja ulio wazi huku na huku. Mamia ya mirija hukutana namna hiyo. Bila makutano hayo hewa isingeweza kupita upande mmoja tu. Ingekwama mwishoni na kurudi ilikotoka, kama inavyofanya ndani yetu.

Kisha fundi huweka shoka, hushika tezo. Sasa si kutoboa tena, ni kupunguza unene. Huchonga kwa ndani, kibanzi baada ya kibanzi, ubao ukizidi kuwa mwembamba, na vibanzi vinamjaa miguuni. Katika pafu la kifaranga, seli zinazouzunguka uwazi wa mrija husimama ndefu, zimebanana bega kwa bega. Unene huo ni mkubwa mno, oksijeni haiwezi kuupita kwa wakati. Mwaka 2006 Andrew Makanya wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake wa Uswisi na Ujerumani, alichapisha maelezo ya kinachotokea hapo kama kilivyoonekana kwa hadubini ya elektroni, nami sijasoma jambo la baiolojia lililonifurahisha zaidi ya hili. Seli zinajichonga zenyewe. Baadhi hujibana kiunoni, kiuno kikazidi kuwa chembamba mpaka sehemu ya juu ikakatika na kudondokea ndani ya mrija; hiyo wameiita peremeresitosisi. Nyingine hupanga viputo vidogo kwa mstari ndani ya mwili wao, viputo vikaungana vikawa mpasuko, na juu ya mpasuko huo kichwa kizima kikatengana na seli. Hiyo ni sekaresitosisi. Kwa Kiswahili tuseme uminyaji na ukataji, inatosha.

Tufikirie maana yake. Seli hupoteza sehemu kubwa ya mwili wake na haifi. Hubaki imeshikilia pale chini, fupi kuliko awali, ikiwa na kiini chake na kazi yake. Ikihitajika hujikata tena. Vipande vilivyokatika huelea ndani ya mrija, ndivyo vibanzi vya fundi huyu, na baadaye huyeyuka na kuondolewa. Tofauti ni kwamba katika mtumbwi mti hauna la kusema, tezo iko mikononi mwa mwingine. Humu ubao na tezo ni kitu kimoja. Mfumo huu wa kuukondesha ukuta hatuuoni hivi katika mapafu ya mamalia, ambayo seli zake hulala bapa na kujinyoosha kwa njia nyingine.

Kuanzia siku ya 15 hivi, kutoka kuta zilizokwisha kukondeshwa, njia ndogo hutokeza na kuingia kwenye nyama inayoizunguka mirija. Hizo ndizo kapilari hewa changa. Upande wa pili mishipa midogo ya damu inakuja kuzilaki. Husukana, hewa huku, damu huku, na kilichobaki kati yao huendelea kupungua hadi siku ya 18 na ya 19. Fundi mzuri hujua pa kusimama. Akizidisha tezo, ametoboa chombo. Akiiacha mapema, mtumbwi ni mzito na hautakwenda. Ndege wamechonga karibu sana na kutoboa. John Maina, Mkenya aliyefundisha kwa miaka mingi Nairobi na baadaye Afrika Kusini, na ambaye mwaka 2005 alitoa kitabu kizima kuhusu mapafu na vifuko vya hewa vya ndege, alipima unene huo katika mbayuwayu wa miamba wa Afrika akapata mikromita 0.09. Hiyo haifiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ukuta wa kwetu ni mnene zaidi ya mara sita.

Mtumbwi uliokwisha kuchongwa hauhitaji kufunguliwa. Uko wazi kwa umbo lake. Tatizo pekee ni kwamba huu umechongwa ukiwa chini ya maji. Pafu la kifaranga, mpaka siku ya 19, limejaa maji katika kila mrija na kila kapilari. Kilichobaki ni kufua maji. Na mtumbwi mpana waweza kuufua kwa upo, lakini njia ya mikromita tatu hufuliwa kwa subira. Maji lazima yanyonywe na kuta na kuingia katika damu, polepole, huku hewa ikifuata nyuma yake bila kuruhusu njia ijifunge. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Katika saa hizo zote pafu halitoshi kumweka kifaranga hai.

Ndiyo sababu ya chumba cha hewa. Karibu siku ya 19 au ya 20, kifaranga akiwa amelaza kichwa chini ya bawa la kulia, msuli mnene wa shingo yake huanza kushtuka, na kuzidi kwa kabonidioksaidi humchochea. Mdomo hupasua utando na kuingia katika ile hewa. Huvuta pumzi ya kwanza, ndogo, kisha hutulia. Huvuta nyingine. Kwa muda unaokaribia siku nzima anakuwa na viungo viwili vya kupumulia vinavyofanya kazi pamoja: pafu-ganda linaendelea kumlisha oksijeni, na mapafu yanafuliwa maji kidogo kidogo. Sisi hatukupewa siku hiyo. Kwetu kitovu hukatwa, na ndani ya dakika chache mapafu hubeba kila kitu.

Na kwa kuwa hewa sasa inapita katika koo la sauti, ambalo kwa ndege liko chini kabisa mahali njia ya hewa inapogawanyika kwenda mapafu mawili, kifaranga anaweza kulia. Kware hata huzungumza: Margaret Vince wa Cambridge alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba vifaranga vya kware husikilizana milio ya kugonga inayoambatana na pumzi zao wakiwa bado ndani ya mayai, wakaharakishana au kungojana ili watoke pamoja.

Moyo, siku hiyo, unabadilisha njia za damu bila kusimama. Hadi hapo, damu inayotoka chumba cha kulia haikuwa na sababu ya kupita mapafuni. Mishipa miwili ya mkato, mmoja kila upande (sisi tuna mmoja tu), iliichepusha kwenda kwenye mshipa mkuu na kutoka huko kwenda pafu-ganda. Ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo nao una vitundu vingi vidogo vya kupitisha damu kutoka kulia kwenda kushoto. Mapafu yanapopata hewa, oksijeni katika damu hupanda, na mishipa ile ya mkato huihisi ikaanza kujibana. Damu iliyozoea mkato hulazimika kupita mapafuni. Oksijeni huzidi, mkato hubana zaidi. Vitundu vya ukutani huzibwa taratibu siku zinazofuata. Upande wa pafu-ganda mishipa husinyaa, damu yake hurudi mwilini, na utando hubaki mkavu umeng'ang'ania ganda, kama unavyouona ukichunguza maganda baada ya vifaranga kutoka.

Si ndege wote hufuata ratiba hii. Wapo wa Australia na visiwa vya jirani wanaofukia mayai yao ardhini, na vifaranga wao hutoka bila kupitia chumba cha hewa. Hao ni wa makala nyingine.

Turudi Mkuranga, kwenye shauri la jirani. Kifaranga akishatoboa utando, hukaa saa nyingi kabla ya kulivunja ganda kwa jino lake la yai, ile ncha ngumu juu ya mdomo. Akishapata tundu la kwanza hutulia tena, mara nyingi saa 12 au zaidi, na hapo ndipo mfugaji huingiwa na hofu. Anaona tundu, anamwona hasongi mbele, anadhani amechoka. Lakini katika utulivu huo damu inarudi kutoka pafu-ganda, maji yanamalizika mapafuni, na kiini cha yai kilichobaki kinavutwa tumboni kiwe chakula chake cha siku za mwanzo. Ukimenya ganda wakati huo unapasua mishipa iliyojaa damu. Atatoka damu mikononi mwako, na hata akiokoka kuvuja huko, umemnyima pafu moja kabla la pili halijawa tayari. Usimsaidie kabla ya wakati.

Wanaofia ndani wana sababu nyingi: joto lililopanda na kushuka, mayai yasiyogeuzwa, ugonjwa, lishe duni ya kuku mama. Ipo moja ambayo mfugaji mwenye mashine anaweza kuipima leo, nayo ni ile ya maji niliyoahidi kuirudia. Yai likipoteza maji machache mno, chumba cha hewa huwa kidogo, na kifaranga anayetoboa utando hukutana na hewa isiyotosha muda wa kufua mapafu yake. Likipoteza mengi mno, kifaranga hukauka na utando humganda mwilini.

Dada wa Mkuranga, tafuta mizani ya jikoni inayosoma gramu. Andika uzito wa mayai kumi kwa penseli kwenye maganda siku unapoyaingiza, uyapime tena siku ya 18. Yai lililoanza na gramu 60 linatakiwa lisome 52 au 53. Likisoma 56, mashine yako ina unyevu mwingi: punguza maji kwenye trei, ongeza matundu ya kupitisha hewa katika mzunguko ujao. Likisoma 49, ongeza maji. Siku hiyohiyo ya 18 acha kuyageuza, jaza trei ili hewa iwe na unyevu wa kutosha kuulainisha utando wakati wa kutoboa, funga mlango, na usiufungue kila unaposikia mlio, kwa sababu kila ukiufungua unyevu unatoka na utando unaanza kukauka juu ya mdomo wa kifaranga anayevuta pumzi zake za kwanza.